Shikeni Ukuta kwa Mkono wa Kushoto

Inameni. Mwamba huu hauna adabu,
haujui nani kalipa na nani kaingia bure.
Tochi zielekee chini, si machoni mwa wenzenu,
na hapo penye mbolea ya popo
kanyageni kama mtu aliyechelewa kanisani.

Mimi ni Chesang. Stakabadhi mnazo.
Buti za mpira mtazirudisha, hata zile zenye tundu.

Haya. Kulia kwenu ukuta unang'aa.
Si almasi. Kila wiki kuna anayeuliza.
Ingekuwa almasi, bwana,
leo ningevaa buti zangu mwenyewe.
Chekeni basi, mzaha huu nimeusema mara mia nne.

Ng'ombe waliramba hapa, wakitafuta chumvi.
Pitisha kiganja: ndimi zimechimba jiwe
likawa laini kama tumbo la kibuyu.
Nje ni Elgon, baridi, migomba, maporomoko yanayopiga kelele.
Humu mlima unameza mate tu,
tone,
halafu unafikiri kwanza,
tone.

Mbele kuna mafiga matatu.
Kwa kawaida napita hapo haraka. Nasema, "Jiko la kale,"
wageni wanapiga picha, nasema, "Bado mita sitini."

Lakini mtoto wenu huyu wa koti jekundu
ameuliza nani alipika.

Watu huuliza lini. Huuliza urefu, na kama popo wanang'ata.

Alipika bibi yangu.
Uji wa ulezi, usiku tu, moshi usije ukaonekana bondeni,
maana waliochukua ng'ombe walikuwa bado huko chini
wanagawana.
Miezi minane. Waliingia watu kumi na mmoja,
wakatoka kumi na wawili.
Wa kumi na mbili ni mama yangu.
Alizaliwa hapo ulipoweka mkoba, dada.
Hapana, usiuondoe, hukujua.

Walipomtoa nje, wanasema, alililia giza.
Jua lilikuwa mtu asiyemfahamu.

Yuko Kapchorwa sasa, ana nyumba ya mabati.
Umeme ukikatika sisi sote tunapapasa,
kiberiti kiko wapi, nani kaficha mshumaa,
yeye anaendelea kuchambua maharagwe,
chuya huku, nzima huku,
na taa ikirudi hakuna hata moja iliyokosea sahani.

Sijawahi kuwaeleza wageni hayo.
Hayamo kwenye bei.

Sasa zimeni tochi. Hili limo: dakika moja.
Usishike simu, bwana, nakuona.
Hivyo.

...

Mmesikia? Na mimi pia.

Washeni. Tunarudi tulikopitia,
shikeni ukuta kwa mkono wa kushoto.
Wewe wa koti jekundu, njoo mbele, tutoe.
Wengine, inameni.
Wewe nenda wima. Wewe unatosha.