Mita Kumi na Mbili kwa Siku

Nilichimba kutoka duka la Kihiyo hadi kona ya Kwemvumo,
mita kumi na mbili kwa siku, shilingi elfu moja kwa mita.
Kina: kiuno cha mtu mzima. Upana: jembe na nusu.
Msimamizi alishuka mtaroni na kijiti chenye alama;
pakipungua kidole, chimba upya.
Udongo wa Usambara ukiloa
hushika buti kama mdai.

Mama Singano alitoka na ungo wake wa maharage:
"Mnamzika nani, baba, mbona kaburi halina mwisho?"
Nikasema, tunalaza mkongo.
"Mkongo ndiyo nini?"
Nikamwambia nilivyoambiwa: uzi wa kioo,
mwembamba kama unywele, ndani yake hupita nuru.
Akainama, akachungulia bomba la rangi ya chungwa.
"Nuru gani hii isiyomulika?"
Sikuwa na jibu.
Nilitema mate kiganjani, nikainua sururu.

Mwezi wa sita tukafukia.
Wakasimika vijiti vya njano: USICHIMBE.
Mimi niliyechimba nikakatazwa kuchimba,
hata nguzo ya banda la mbuzi.

Na nuru ikapita.
Ilitoka mjini, ikapita mbele ya kizingiti chetu
ikaenda Mlalo, kwenye ofisi,
haikubisha hodi.
Mgeni gani huyu,
umtandikie kitanda
naye akuruke usingizini?

Juu ya ardhi mambo yalikuwa yale yale.
Saumu, mdogo wangu, daraja la kwanza kidato cha sita,
alipanda Jiwe la Mbeleko saa kumi alfajiri
kabla wenye simu hawajaamka kuugombea mtandao,
simu kaiviringisha kwenye kanga isilowe ukungu,
ajaze fomu ya mkopo wa chuo.
Kiduara kikazunguka,
kikazunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala.
Picha ya cheti ikafika nusu:
jina likaenda, alama zikabaki jiweni.
Siku nne alipanda.
Ya tano dirisha lilikuwa limefungwa.
Alishuka na matope magotini,
akaingia jikoni, akaanza kumenya viazi.

Usiku ule nililala kifudifudi kando ya barabara,
sikio chini.
Nilitaka kusikia nani anaagiza nini,
nani anacheka na nani,
humo nilimopitisha mikono yangu.
Nilisikia mchwa.

Mwaka mzima, na masika mawili.
Kisha wakaja na sanduku jeupe la kubandika zahanati,
na ramani, na kompyuta ya mapajani.
Ramani ilisema mkongo uko kushoto mwa barabara.
Walichimba kushoto siku mbili, wakakuta mawe.
Vijiti vya njano watoto walikwisha kuving'oa,
wamefanyia magoli.
Ndipo mtu akauliza:
"Aliyechimba hapa yuko wapi?"

Nilikuwa nikikama mbuzi.
Nikawafuata, mikono bado ina maziwa,
nikahesabu hatua saba kutoka mpeasi wa Mama Singano,
nikafika pale mpini wangu uliposalimu amri.
"Hapa," nikasema. "Kiunoni."
Injinia akatazama ramani, akanitazama.
"Una hakika?"
Kila mita yangu naijua kwa jiwe lake, bwana.
Lakini niambie kwanza:
dirisha la mkopo linafunguliwa lini?

Saumu aliketi barazani mwa zahanati,
katikati ya akina mama wanaosubiri kupima watoto uzito.
Akabonyeza.
Fomu ikaondoka, cheti, picha, alama zote,
hata mtoto aliyekuwa mizanini hakuwahi kulia.

Nilingoja acheke.
Aligeuka, macho mekundu,
akanikodolea kama niliyemwibia:

"Ni hivi tu?
Kaka, ni hivi tu?"