Kuzoa Maji

Maji yakimwagika hayazoleki.
Sumnima huyazoa kila usiku,
ghorofa ya tatu, Dhulikhel, chai imefanya utando:
anabonyeza kitufe, na mshale wa maji
unarudi mdomoni mwa bomba kama neno lililojutiwa.

Chembe milioni nne. Kila moja ina nambari,
ina uzito, ina haraka yake, ina majirani wa kusukumana nao.
Hakuna hata moja inayolowesha.
Zinakipiga kikombe, kisu cha katikati kinazipasua nusu kwa nusu,
zinalizunguka shavu la chuma, zinageukia zilikotoka,
hoi, nguvu zao zimebaki kwenye gurudumu.

Ndivyo inavyotakiwa.
Lakini ziko zinazochelewa,
zinazoteleza mgongoni mwa kikombe kinachofuata
na kukirudisha nyuma kidogo tu,
asilimia moja na ushei,
na kwa ushei huo Sumnima halali.

(Kompyuta hula siku mbili
kutafuna sehemu moja ya elfu ya sekunde.)

Mwezi uliopita alipanda basi saa tisa nzima hadi kituoni.
Dhanraj Ghale, fundi, mikono ya grisi,
akampakata kikombe kilichong'olewa kama mtoto wa jirani.
Kisu kimekuwa msumeno. Tumbo lina mabaka ya ndui.
"Kimepungua kilo tatu. Mvua za msimu mmoja.
Hayo maji yako ya hesabu, yana mchanga?"

Hayakuwa na mchanga.
Yalikuwa maji ya mtu asiyewahi kuchota mtoni.

Basi sasa anautia, punje kwa punje,
mchanga wenye ncha, na ulanga unaometa
hata kwenye skrini, au ni macho yake yamechoka,
na punje haziendi na maji, hazikati kona,
zinanyooka kama wakaidi hadi kwenye chuma, pale,
palepale kidole chake kilipopapasa mabaka —

giza.

Nyumba nzima. Mtaa mzima. Bonde.
Anapiga simu. "Dhanraj, umezima?"
"Nimezima. Kikombe cha kumi na moja kimepasuka.
Nipe mpaka asubuhi."

Nje mfereji wa bati unamwaga mvua bila kuhesabu.
Anatoa kiganja dirishani, anakikunja kidogo,
anakiinua nyuzi chache, anakishusha.
Mkono wa sweta umelowa hadi kiwiko.
Nyuma yake, gizani, chembe milioni nne
zimekwama hewani, hazijafika,
zinamngoja fundi.