Zoezi la Jumamosi

Nimepewa filimbi na bahasha tatu.
Siku tano nimefundishwa kusema uongo
ambao kila mtu anajua ni uongo,
na bado miguu yake iuamini.

Saa mbili na robo, Birere. Napuliza.
Nafungua ya kwanza, nasoma bila kutetemesha sauti:
"Mlima umepasuka. Hamna umeme. Hamna jengo hili.
Mna saa moja."
Cirhuza wa kaunta anacheka, anauliza
kama lava imepiga simu kwanza kabla ya kuja.
Simjibu. Natazama saa.

Mpango upo. Kurasa arobaini na mbili,
muhuri wa koperative, sahihi za wakubwa wote,
umelala kabatini kama sahani za wageni.
Ufunguo wa kabati uko mfukoni mwa meneja.
Meneja yuko harusini Bukavu,
simu yake inalia peke yake chini ya ngoma.
Naandika: ufunguo, dakika kumi na moja.

Jenereta imepakwa rangi mwezi uliopita, inang'aa,
haina tone la mafuta.
Naandika.

Ukutani tuliandika TAHADHARI KABLA YA HATARI.
Rangi imebanduka palepale penye "kabla".

Wivine anashika orodha ya simu.
Nambari ya kwanza haipatikani.
Ya pili ni fundi viatu wa Butembo, mtu mpole,
anauliza kama kuna la kusaidia.
Ya tatu: Paluku, mlinzi wa usiku.
Mkono wa Wivine unasimama hewani.

Tulimzika Paluku mwaka juzi, kabla ya mvua.
Sote tulikuwepo. Tulichanga, tulilia, tulikula,
Jumatatu tukarudi kazini,
na hakuna aliyeshika kalamu.

Zoezi linasema: piga.
Anapiga.
"Baba hayupo," sauti ya msichana. "Nani mwenzangu?"

Hapa kitabu changu cha mafunzo hakina ukurasa.
Cirhuza amevua kofia.
"Ni zoezi," anasema Wivine, "zoezi tu, mwanangu, utusamehe."
Kimya. Kuku wa jirani. Pikipiki.
Kisha yule mtoto:
"Zoezi la mlima?
Mwaka ule baba aliwabebea vitabu kwa chukudu
mpaka Sake, usiku kucha. Alirudi bila viatu.
Basi niandikeni mimi. Njia naijua."

Tumetoka uani, jengo si letu tena hadi saa tatu na robo.
Tunakaa juu ya mawe meusi.
Mawe haya yalikuja siku moja bila filimbi.

Bahasha ya pili ni mtu: Mama Nzigire, muuza makala,
nimemwomba aje na swali moja tu.
Anakuja na vumbi lake, anasimama mbele ya Cirhuza:
"Akiba yangu ni kiasi gani?"
Hakuna kompyuta. Hakuna kaunta.
Cirhuza anapekua nakala za karatasi, jasho linamdondokea,
kidole kinashuka mstari kwa mstari,
anataja hesabu.
"Umenila faranga elfu saba," anasema mama,
na kutoka pindo la kitenge
anachomoa kijitabu kilichokunjwa mara nne.
Elfu saba zipo. Tarehe ipo. Sahihi ni ya Cirhuza.

Hakuna anayecheka.
Naandika polepole, kwa herufi kubwa,
nani kati yetu alikuwa na nakala.

Bahasha ya tatu nimeirudisha mfukoni.
Saa imekwisha, na sisi bado tuko nusu ya njia.

Wivine hakufuta jina la Paluku.
Chini yake, kwa penseli, ameandika:
Kahindo, bintiye. Anajua njia.

Cirhuza ananifuata hadi langoni, kofia mkononi.
"Lijalo litakuwa usiku?"
"Usiku."
"Na mvua ikinyesha?"
Nafunga filimbi kwenye leso.
"Sikwambii."