Mwaka wa Kumi na Moja

Nimetoka Mpunguzi. Cheka kwanza, kisha usome.
Mpunguzi ni kwetu, barabara ya Iringa,
na mimi, Nyemo binti Chilongani,
nimepunguzwa.

Barua ilikuwa na mhuri na maneno laini:
kutokana na mahitaji ya uendeshaji.
Nikaisoma mara tatu chooni
nikitafuta mahali waliponitaja.
Jina lilikuwa la kalamu, juu ya vitone;
mengine yote yalichapwa kabla yangu.

Kwa baba tulipogoa zabibu.
Mkasi mkononi, unainama kwa kila mche,
unahesabu macho: haya mawili yabaki, hili likatwe,
na ukishakata, tawi linatoa machozi,
unasimama hapo, unayaona.
Baba hakuwahi kupogoa shamba akiwa ofisini.

Walisema tulishirikishwa.
Ndiyo, tuliitwa bwaloni saa nane kasorobo,
mashine za chupa zikinguruma nyuma ya ukuta.
Afisa utumishi akasema robo saa,
ikapita karatasi ya mahudhurio, tukasaini
kama tunavyosaini tukigawiwa sabuni.
Kesho yake karatasi ile ile
imebanwa kwa pini nyuma ya kurasa ambazo hatukuzisikia.
Ndahani wa chama aliuliza, "Mmefikiria njia gani nyingine?
Zamu fupi? Likizo bila malipo?"
Akajibiwa: chai ipo, karibuni.

Kiinua mgongo.
Aliyetunga neno hili hakubeba kreti.
Siku saba kwa kila mwaka, sheria inasema,
mwisho miaka kumi.
Nimekaa kumi na mmoja.

Basi nauliza, wala sijapandisha sauti,
nauliza kama mtu asiyeona kanga yake kambani:
mwaka wangu wa kumi na moja uko wapi?
Ndio mwaka mvua ilikata Februari,
uwele ukakauka kabla ya kutoa masuke,
tukala mlenda na unga wa kupima kwa kikombe.
Ndio mwaka Sechelela alianza kutembea
akishika kuta za chumba cha kupanga, Chang'ombe,
nami nikaambiwa habari zake na jirani
kwa sababu nilikuwa zamu.
Ndio mwaka lebo zilipinda, chupa mia mbili,
zikakatwa kwenye mshahara wangu.
Hizo walizihesabu.

Nauli ya kurudi ulikoajiriwa: fomu ina safu yake.
Msichana wa mahesabu akaitazama, akanitazama.
"Uliajiriwa wapi, dada?"
Hapa hapa getini. Tulisimama kama ishirini,
msimamizi akanyoosha kidole.
Akaandika: kilomita sifuri.
Tukacheka wote wawili.
Yeye ndiye aliyeacha kwanza.

Nyumbani ushauri ni wa bure.
Mjomba: pokea, Mungu yupo.
Jirani: rudi ulime zabibu, wenye kiwanda watanunua.
Mama hakusema kitu. Alinimenyea karanga,
bakuli zima, mpaka taa ikazimwa.

Siku thelathini, Ndahani alinionya, zikipita mlango umefungwa.
Leo ni ya ishirini na sita.
Nimefua sketi. Nimepanga hati za mshahara mwaka kwa mwaka;
za mwanzo wino umefifia,
naziinua dirishani, jua linazisoma.
Tume ya usuluhishi inafungua saa moja na nusu.
Karani atauliza: unadai nini?
Nitasema notisi. Nitasema mkutano wa robo saa.
Nitasema nani aliingia miaka mitatu baada yangu
na bado anapiga zamu, shemeji wa nani.
Hayo nimeyakariri.

Lile la mwaka wa kumi na moja
sijui linajazwa kwenye safu gani.
Nitaliandika pembeni.