Karatasi ya Pili

Kilo mbili za karatasi nilinunua kwa Bwanaheri,
mtunza ghala wa shule, shilingi themanini:
mitihani ya miaka iliyopita, mingine mende wameionja pembeni,
mingine ina jina la mtu niliyesoma naye, na sifuri yake.
Karatasi nzuri. Ngumu. Hainywi mafuta upesi.
Bajia nane kwa swali la kwanza hadi la kumi,
viazi vya karai kwa sehemu ya pili.
Hayo ndiyo yaliyokuwa mahesabu yangu hapa Langoni,
meza moja, karai moja, chupa ya ukwaju.

Lakini Maka, dada yangu, yuko kidato cha pili,
na akitoka shule, hata buibui hajavua,
anapekua rundo langu kama anayechagua samaki:
huyu kaoza, huyu bado.
"Hini usiifunge. Hini yangu. Na hini."
"Mtihani wako uko miaka miwili mbele," namwambia,
"na mteja wangu ana njaa sasa hivi."
Haniangalii. "Weye ulianda lini?"

Agosti.
Nilianza Agosti, kidato cha nne,
mtihani uko mlangoni umeshavua viatu.
Kabla ya hapo nilikuwa na siku nyingi mno,
nikazitumia kama mtoto na pesa za Idi.
Kila Ijumaa nilisema Jumamosi.
Nikapata C kavu, pointi nne pungufu.
Pointi nne si nyingi. Ni kama bajia nne.
Ila chuo kikuu hakina nyongeza.

Nikamwachia hisabati. Kemia nikagoma,
kemia wamechapa kwenye karatasi pana.

Anafanya usiku, juu ya sinia lililogeuzwa,
mama analalamika kutoka chumba cha ndani,
"Mwana huyu ataua mato yake!"
na punda wa jirani anajibu kabla ya Maka.
Swali moja kwa usiku. Si kumi. Moja.
Likimshinda hulikunja, hulitia chini ya mto,
kesho yake hulifungua kama mtu ambaye hakugombana nalo.
Mimi ningelitupa.

Alhamisi moja wateja walijaa, mkono ukateleza:
bajia za Mwalimu Musembi nikazifunga
kwa karatasi ambayo Maka alikwisha kuijibu.
Nilijua usiku, alipoitafuta.
Hakupiga kelele. Alihesabu rundo, tena, tena,
kisha akalala na viatu.

Jumamosi mwalimu akarudi. Hakuagiza kitu.
Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne,
inang'aa mafuta, vidole vyake naviona kwa nyuma,
na wino mwekundu umetambaa kidogo lakini unasomeka:
*Swali la 11, umesahau alama ya kutoa.*
*Swali la 14, njia ni sawa, umechoka mwishoni. Rudia.*
*Swali la 17, nani kakufundisha hii?*
Na chini, kando ya doa la pilipili:
*19 kwa 30. Yuko kidato gani huyu?*

"Cha pili," nikasema.
Akalitazama karai kwa muda, kama aliyeona kitu humo.
"Mwambie aniletee nyingine.
Na wewe, zangu unifungie kwa gazeti."

Sasa nanunua magazeti. Hayazuii mafuta.
Wateja wanateta kwamba habari zimeingia kwenye bajia.
Nawaambia wafute vidole.

Jana usiku, Maka amelala, mdomo wazi, rula mkononi,
nikavuta karatasi kutoka chini ya sinia.
Swali la 14. Nikalijua kwa sura.
Ni mtihani wangu ule, ni lile niliyeliruka
nikisema nitalirudia.
Nikakaa nalo hadi adhana ya alfajiri,
mikono inanuka dengu,
penseli yake fupi imepotea katikati ya vidole vyangu.

Jibu sijapata.
Nimefika mstari wa tatu.