Mwaka Gani

"Irudishe ilivyokuwa," aliniambia Bi Netta Galbraith
siku ya kwanza, mlangoni, koti hajavua,
nje upepo wa kusini ukichuna vilima vya Dunedin
na mvua ikipanda badala ya kushuka.
Nikamuuliza: ilivyokuwa lini?
Akanitazama kama mtu aliyeulizwa umri wa mama yake.

Nyumba hii ina miaka mia na arobaini
na kila aliyelala humu aliigusa.
Mmoja aliziba meko. Mmoja alikata baraza nusu
akamweka mpangaji. Mmoja, Mungu amsamehe,
alilipaka waridi la plasta darini rangi ya maini.
Nilibandua karatasi za ukutani, tabaka kwa tabaka:
majani, ndege wasio na macho, mistari,
halafu gunia, halafu mbao za rimu
nyekundu kama nyama iliyokaushwa kwa chumvi.
Chini kabisa hapakuwa na mwanzo.
Palikuwa na baridi tu, inapita.

Watu huwasifu mafundi wa zamani.
Mimi nimelala kifudifudi chini ya sakafu zao.
Nimeona boriti iliyopungua shibiri moja
ikaungwa kwa kipande cha sanduku la chai.
Nimeona misumari iliyopigwa kwa hasira.
Wahenga walisema usipoziba ufa;
hawakuiona nyumba hii, nyufa zake zilivyozoeana:
ukiziba wa sebuleni, wa ngazini hufunguka
kama mdomo wa mtu aliyenyimwa zamu.

Basi nikafanya kazi yangu. Madirisha kumi na manne,
ya kupandisha kwa kamba. Juni yote na Julai
nilivaa barakoa, maana rangi ya kale ina risasi,
nikaikwangua kwa mvuke, polepole, nisiiamshe.
Rawiri, mwanagenzi wangu, alivihesabu vioo vya asili,
vile vyenye mawimbi, akavifunga kwa blanketi,
akasema bandari ukiitazama kupitia humo
ni kama inakumbuka kitu.
Nikamwambia ashike puti, aache mashairi.

Likabaki la kumi na tano.
Juu ya sinki, la alumini, la mwaka sitini na nane,
limekaa katikati ya mbao zile kama jino la bandia.
Bwana Crombie wa kamati ya urithi alikuja na faili,
akaligonga kwa kalamu: hili liondoke.
Nami nilikwishatoa patasi.
Bi Netta akasema, "Hilo, hapana."
Mama yake, Ailsa, baridi yabisi ilimpinda vidole,
kamba ikamshinda.
Baba, karani wa posta asiyejua kushika msumeno,
alilitia Jumapili moja, likakaa upogo,
ili mama asukume kwa kiwiko,
apate hewa, amwite paka.
Crombie alifungua faili, akaifunga.
"Si la enzi yake," alisema, kwa upole.
"Enzi ya nani?"

Wiki ya mwisho, chumba cha watoto,
ndani ya kisanduku cha uzani, penye giza na vumbi la fukusi,
nikakuta penseli juu ya ubao:
*A. Rennie. Mvua siku sita. Hatujalipwa.*
Nilicheka hata Rawiri akadhani nimejikata.
Bi Netta ana deni langu tangu Mei;
paa lilikula kwanza.
Nikaandika chini yake: *Nami pia. Siku tisa.*
Nikarudisha ubao, skrubu mbili,
nikapitisha kamba mpya kwenye kapi ya zamani,
nikainua kioo kwa kidole kimoja.
Kikasimama pale nilipokiacha.

Nilipokuwa nakusanya vyombo, jikoni
Bi Netta, mwenye mikono mizima kabisa,
alilisukuma lile la alumini kwa kiwiko.
Likalia.
Kopo la mafuta lilikuwa mfukoni mwangu.
Sikulitoa.