Kifungo cha Upole

Atupokile alifika Isyonje na mvua ya Machi,
viatu mkononi, tope hadi magotini,
akanibandika kifungo kwenye kola ya sweta.
Si cha kufungia chochote. Cha buluu,
ukubwa wa punje ya mahindi ya mbegu.
"Mama, hiki kinasoma mapigo ya moyo.
Ukipanda, kinakupulizia harufu ya kukushusha."
Wanakijaribu wao, wanafunzi wa chuo, Mbeya mjini.
Walikosa watu wenye hasira huko,
ndipo akanikumbuka mimi.

Nilicheka. Pua yangu ni ya kazi.
Nikisimama mlangoni pa ghala, gizani,
najua gunia lipi limeficha kiazi kimoja kibovu.
Ukungu naunusa shambani
siku mbili kabla jani halijakiri.
Naijua pareto inapokauka mkekani, ukali wake mkavu
unaowafukuza nzi bila kupaza sauti.
Baridi ya Juni naijua kabla sijafumbua macho:
inanuka sufuria tupu.
Leo nifundishwe kunusa na kifungo?

Lakini kilifanya kazi, siwezi kusema uongo.
Usiku ule deni la mbolea lilikuja saa nane
kama kawaida yake, likakaa ukingoni mwa kitanda.
Kifungo kikapumua: tss.
Kitu kati ya majani ya mkaratusi
na utosi wa mtoto mchanga.
Deni likainuka, likaaga, likaondoka,
nami nikalala hadi jogoo la tatu.
Wiki nzima nikawa mtu wa kupendeza.
Wifi yangu Sekela akauliza nimeokoka lini.

Kisha Fuso ikaja.

Vijana wa Shomvi wakajaza gunia hadi mdomoni,
wakashonea wavu juu ya mdomo, wakajaza tena,
lumbesa yenye kilemba, lumbesa yenye mimba,
madebe mawili ya bure juu ya kila gunia.
Nikahisi inapanda. Njia yake naijua:
huanzia nyayoni, huzunguka tumboni,
hufika ulimini na maneno yameshapikwa.
Ilipofika kifuani, tss.
Ikajaribu tena. Tss.
Nikabaki nimesimama, nanusa mtoto mchanga,
huku jasho langu linapakiwa.
"Haya, baba, Mungu ni mwema."
Mimi huyo! Nikatia sahihi kwa mwandiko mzuri.
Magunia arobaini. Madebe themanini.

Hasira hasara, tuliimbishwa darasani.
Na upole wangu ule, nani aliupigia hesabu?

Atupokile kaniandikia kwenye simu:
Mama, takwimu zako zimetushangaza wote,
siku ile saa tano asubuhi mstari umeshuka
kama barabara ya kwenda Tukuyu.
Saa tano. Ndiyo saa ya Shomvi.
Umeshuka kweli, mwanangu,
na mimi nilikuwa ndani yake, bila breki.
Sijamjibu. Nimeandika "asante", nikafuta,
nikaandika "njoo uchukue viazi", nikatuma hiyo.

Kifungo.
Hakimu naye hulitumia neno hilohilo.

Sijakitupa. Usiku nakivaa, maana deni bado lina miguu.
Mchana nakitia ndani ya kopo la chumvi, nafunika,
na nikipita jikoni nakisikia kikihema peke yake,
sijui kinamtuliza nani.

Jumanne Fuso inarudi.
Nimeazima mzani kwa Ambindwile, ule wa kuning'iniza,
ndoano yake ina kutu lakini haijui kudanganya.
Nitatoka na pua tupu.
Kiazi kinuke kiazi, dizeli inuke dizeli,
na ile inayopanda kutoka nyayoni
safari hii nitaiachia njia.